Dereva na Washika Mikoba

Jina lake la kanisani nalijua, na lile la kwenye leseni nimeliona kwa macho yangu, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita kwa lolote kati ya hayo. Sisi wa jengo la matofali kule Hopkins, Minnesota, tulimwita Dereva. Watu wa Savage, mji usio mbali na kwetu, walimwita Dereva. Mumewe naye alimwita Dereva, tena kwa sauti ya chini na ya upole, kama wanaume wengine wanavyosema "mpenzi."

Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, na hakuwa mtu wa kusimulia. Nilichojua ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha basi la njano la shule katika mitaa ya Golden Valley, theluji ikianguka au jua likiwaka. Alipostaafu, wenzake walimkatia keki. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe changu cha chai nikaona gari-nyumba kuukuu likiingia kwenye maegesho yetu: refu, lina michirizi ya kahawia ubavuni na mapazia ya maua. Lilirudi kinyumenyume likaingia kati ya magari mawili kwa mkupuo mmoja, bila kusahihisha. Kwenye usukani alikuwa yeye.

Jioni ile akabisha hodi kwetu.

"Baba Irene, wewe unajua mambo ya kompyuta. Nitafutie kiwanja."

"Cha kujenga, dada?"

"Cha kulala. Chenye umeme, maji na kivuli. Na kisiwe mbali na choo cha watu wote, maana kile cha kwenye gari sitaki kitumike mchana."

Nikamtafutia. Tangu siku hiyo nikawa karani wake. Alikuwa akikaa kwenye meza yetu, miwani imeshuka puani, daftari la mistari mbele yake, akiniamuru nibonyeze wapi. Hakuiamini simu hata kidogo. Alisema simu inajua njia lakini haijui watu.

Nilidhani kwamba anataka kutembea na mumewe tu. Lakini siku moja aliweka kalamu chini akanitazama.

"Hebu niambie. Wanao walipokuwa wadogo, uliwapeleka kwenye zile bustani za michezo, zenye mapembea ya mashine?"

"Niliwapeleka. Mara nne au tano."

"Wewe ulipanda nini?"

Nikafikiri. Niliwakumbuka watoto wakikimbia, niliikumbuka foleni, nililikumbuka jua. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye benchi. "Sikupanda kitu. Nilishika mikoba."

"Na mkeo?"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni: "Mimi nilishika viatu. Na soda zao."

Dereva akapiga meza kwa kiganja. "Basi ninyi ndio ninaowatafuta!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake. Alisema amewapeleka watoto wa watu kwenye furaha miaka yote hiyo, na kila mara aliwaona wazazi kama sisi tuliotoka mbali: wamekaa kwenye benchi, wamechoka na zamu za kazi, mikoba imewajaa mapajani, wanatabasamu kwa niaba ya wengine. "Washika mikoba," aliwaita. Sasa watoto wamekua, wana kazi, wana nyumba zao, na washika mikoba bado wamekaa, isipokuwa benchi limegeuka kuwa kochi. Aliamua kuwainua. Sharti lake lilikuwa moja: mume na mke, wawili wawili, wajukuu wabaki nyumbani. Mama mmoja alipoomba aje na mjukuu wake wa miaka sita, Dereva alimjibu kwa heshima kabisa: "Huyo atapelekwa na wazazi wake. Zamu yako ilishakwisha."

Alikuwa fundi wa kupanga. Nimefanya kazi na wahandisi, mimi mwenyewe ni mhandisi, na sijaona mtu anayepanga kama yule. Safari aliiweka mwanzoni mwa Juni, katikati ya wiki, kwa sababu alijua kalenda za shule kuliko walimu. Siku hizo watoto bado wako darasani na foleni ni fupi. Tulifika getini linapofunguliwa. Saa tano na nusu, jua likianza kuwa kali, alitutoa wote na kuturudisha kambini tukale na kulala. Saa kumi tukarudi. Katika daftari lake kila mtu alikuwa na ukurasa: nani ana sukari na ale saa ngapi, goti la nani halipendi ngazi, nani ni wa kuswali na kivuli kiko wapi karibu na pale atakapokuwa wakati wa alasiri. Alichora mabenchi yote. Vyoo alivitia duara jekundu. "Mtu mzima," alisema, "haulizi choo akishabanwa. Anauliza kabla hajaondoka nyumbani."

Michezo nayo aliipanga kwa ngazi. Kwanza farasi wa kuzunguka, hata kama mtu anaona aibu, hasa kama anaona aibu. Kisha gurudumu kubwa, lile linalopandisha watu angani na kuwashusha. Mwisho, kwa mwenye moyo na ruhusa ya daktari wake, ile treni inayopanda mlima wa chuma polepole kisha inajimwaga. Dereva aliiita treni ya kelele.

Kuhusu saa alikuwa hana huruma. "Dakika mbili nangoja, ya tatu nimeshaondoka," alisema, na haikuwa mbwembwe. Alishawahi kumwacha mzee wa kanisa kwenye kituo cha kupumzikia, akamrudia baada ya nusu saa. Lakini kisa kinachopendwa Hopkins ni cha mumewe. Mumewe, ambaye mimi namwita Shemeji, ni mtu mpole, mpishi mzuri, hana haraka na chochote duniani. Walisimama kujaza mafuta mahali fulani Wisconsin. Shemeji akaingia dukani kutafuta binzari. Binzari, katika duka la kituo cha mafuta! Dereva akatazama saa, akaliondoa gari akidhani mumewe yumo. Alikwenda maili kumi na nane akimweleza mambo ya kwaya, akauliza swali, akakosa jibu, akageuka. Aliporudi alimkuta Shemeji amekaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula aiskrimu na mwenye duka.

"Mbona hukunipigia simu?"

"Nilijua utarudi," Shemeji akasema. "Halafu ile hadithi ya kwaya naijua."

Dereva mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Na bado, mwanamke huyu wa dakika mbili alikuwa na tabia ya kupotea kwa makusudi. Tukiwa njiani, ghafla angewasha taa ya kukata kona, tukaacha barabara kuu, tukajikuta kati ya mashamba ya mahindi au mbele ya kanisa dogo la mbao ambalo hakuna aliyelitafuta. Nilipomlalamikia kwamba hilo halimo kwenye daftari, alinionyesha ukurasa. Limo: "Kupotea, dakika arobaini."

Alikuwa hivyo. Aliendesha basi kwenye tufani za theluji bila kutikisika, lakini kindi mdogo wa msituni alipoingia ndani ya gari-nyumba kufuata karanga, Dereva alipanda juu ya meza na hakushuka mpaka Shemeji alipomtoa mnyama yule kwa ufagio na maneno mazuri. Aliipenda kambi, lakini moshi wa kuni ulimkera, mbu walimkera, na aliwalaumu mbu wa Minnesota kana kwamba wangeweza kuona haya. Angefika kiwanjani, akasawazisha gari kwa vipande vyake vya mbao, akaunga bomba la maji na waya wa umeme, akakunja mikono yake na kusema: "Sasa tumefika. Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Alikuwa pia na misemo yake ya barabarani, ambayo aliigawa bila kuombwa. Ule nilioubeba mimi ni huu: "Gari refu halikati kona kwa hasira." Alinipa siku moja nilipokuwa nimegombana na binti yangu na nataka kumpigia simu pale pale. Sikumpigia. Nilimpigia kesho yake, na yakaisha.

Lakini nikitaka mtu amjue Dereva, namsimulia safari ya Mzee Athmani na Bi Zuhura.

Hawa ni watu wa Mombasa, wanakaa Savage. Walikuwa na duka la vitambaa na mabuibui, wakamwachia mtoto wao wa kiume. Dereva alikwenda pale kununua kitambaa cha mapazia, akamkuta Bi Zuhura anakunja nguo bila kuzitazama. Mzee Athmani alikuwa ameamua kurudi Mombasa moja kwa moja. Tiketi ameshakata. Moja.

"Mnaondoka lini?" Dereva akauliza; alikuwa amesikia safari tu, hakujua kwamba tiketi ni moja.

"Aondoka yeye," akasema Bi Zuhura. "Mie wajukuu wangu wako hapa. Nende Mombasa nkakae na kuta? Miaka arobaini na mitatu nimemfuata kila aendako. Hapa sasa nimechoka kufuata."

Mzee Athmani alikuwa nyuma ya kaunta, anasikia yote. "Nimekuambia twende sote. Hutaki. Basi."

Kwa maneno hayo machache unaweza kudhani ni ugomvi wa siku moja. Haukuwa. Watoto wao walikuwa wamegawanyika, imamu alishaitwa mara mbili, na Bi Zuhura alishaanza kutenganisha vyombo vya jikoni. Sisi tulipoambiwa, mke wangu alilia.

Dereva hakutoa ushauri. Alilipia kitambaa chake, akasema: "Wiki ya kwanza ya Juni nina nafasi mbili za bustani ya michezo. Gari langu haliendi na viti vitupu, linayumba."

"Mie na mapembea wapi na wapi?" akauliza Mzee Athmani.

"Nyama ni ya halali, Shemeji wako anachoma mwenyewe. Kuna mwenza wa kucheza dhumna. Kama hutaki mapembea utalala."

Nadhani ni dhumna iliyomchukua. Tuliondoka sita: Dereva na Shemeji, wao wawili, mimi na mke wangu, ambao kwa mara ya kwanza tulikubali kuinuliwa. Kwa muda wa saa tatu na nusu za njia, Bi Zuhura alikaa mbele na Dereva, Mzee Athmani akakaa nyuma na Shemeji wakipiga dhumna mezani, na mke na mume hawakuambiana hata neno. Akitaka maji, Mzee aliniambia mimi nimwambie Dereva amwambie Bi Zuhura, aliyekuwa ameshika chupa.

Asubuhi yake, kwenye farasi wa kuzunguka, Mzee Athmani alikataa. Alisimama ukingoni na bakora yake, kofia yake iliyodariziwa imenyooka, akitutazama sisi watu wazima tukipanda na kushuka juu ya farasi wa rangi. Mimi nilikuwa nimekufa kwa aibu. Kisha nikasikia kicheko nyuma yangu, nikageuka kutazama ni nani. Alikuwa mke wangu. Miaka thelathini na moja tumeoana na sikukitambua kicheko chake, kwa kuwa nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu kiasi hicho. Sijui kama niliwahi kumwambia hilo. Labda leo nitamwambia.

Tukafika kwenye gurudumu. Kila kibanda kilichukua watu wawili. Dereva akasimama kama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa basi, akawaonyesha kwa mkono.

"Mzee, hapa hakuna mbio. Ni kiti. Kinapanda, kinashuka. Hata mtoto mchanga analala humo. Bi Zuhura, ingia. Mzee, ingia, watu wanangoja."

Nyuma yao hapakuwa na watu wa kungoja zaidi yetu mimi na mke wangu. Lakini Mzee Athmani alikuwa mtu wa adabu. Akaingia.

Sisi tulikuwa kibanda cha nyuma yao, kwa hiyo tuliona migongo. Mzunguko wa kwanza kila mmoja alijibana upande wake. Kule juu kabisa gurudumu likasimama kidogo ili watu wengine washuke kule chini. Upepo ulikuwa mkali. Mtandio wa Bi Zuhura ukanyanyuka, ukaanza kwenda zake. Tukaona mkono wa Mzee ukitoka haraka, ukaushika ncha. Hakuuachia. Gurudumu likaanza kuzunguka tena, na ule mkono ulikuwa bado umeshika ncha ya mtandio, kama mtu aliyesahau.

Walipofika chini, kijana wa mashine akawafungulia kamlango. Mzee Athmani hakusogea. "Again," akamwambia, kwa Kiingereza chake cha dukani.

Walizunguka mara tano. Sisi tulishuka tukakaa na Dereva tukiwahesabu. Yeye alifunua daftari, akafuta kitu, akaandika kingine.

Yaliyosemwa kule juu hatukuyasikia. Bi Zuhura alimwambia mke wangu baadaye, wakiosha vyombo kambini: "Akaniuliza, wewe Zuhura, hasa wapenda nini? Wallahi tangu anioe hajaniuliza. Nkamwambia sijui, ngoja nifikiri. Basi ndo ikawa tunazunguka tu, nafikiri."

Alipomaliza kufikiri alijua kwamba anapenda vyote viwili: bahari ya kwao na wajukuu wa Savage, na kwamba kile asichokipenda ni kupangiwa. Mzee alibadilisha tiketi. Siku hizi wanakwenda pamoja baridi ikianza, wanarudi theluji ikiyeyuka. Wanagombana kama kawaida. Juzi waligombana kuhusu nani ameacha dirisha wazi. Lakini tiketi ni mbili.

Nilipomsifu Dereva, alinikatiza. "Mimi nilifanya nini? Nilipanga foleni."

Jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Bi Zuhura alipoona jambo ambalo sisi wote, kwa akili zetu, hatukuwa tumeliona. Tulikuwa tunashuka kutoka kwenye mchezo mmoja wa maji, tumelowa, tunacheka. Dereva alikuwa kwenye benchi. Mapajani ana mkoba wa mke wangu, wa Bi Zuhura, kofia ya Mzee, bakora, koti langu, na chupa tatu.

"Ah! Na wewe je?" Bi Zuhura akasimama mbele yake. "Wewe wapanda nini?"

"Dereva haachi mizigo ya abiria."

"Abiria ndo mie, na mzigo wangu naushika mwenyewe. Lete hapa."

"Zuhura, mimi..."

"Lete!"

Akanyang'anywa kimoja kimoja. Shemeji alikuwa ameshasimama, amekwishajifunga kamba za viatu, na nikamwona usoni kwamba alikuwa akiingoja siku hiyo kwa miaka mingi. Walikwenda kwenye treni ya kelele. Tulisimama chini tukawaona wakipandishwa polepole, vichwa viwili vyenye mvi katikati ya vijana. Treni ikafika kileleni. Ikasita. Na hapo, juu ya bustani nzima, tukasikia Kiswahili:

"Breki! Kanyaga breki! Wewe mwendeshaji, BREKI!"

Aliipigia kelele breki mpaka mwisho wa reli. Mzee Athmani alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Dereva alishuka amemshika mumewe mkono, kitambaa cha kichwa kimehamia sikioni.

"Hakuna usukani," akatuambia, taratibu, kama anayetoa ripoti. "Mtu anakuchukua tu."

Kisha akaongoza njia ya kambini bila kutazama saa hata mara moja. Shemeji alisema hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Safari zilikuwa nyingine nyingi baada ya hiyo, na washika mikoba wengine wengi. Halafu, vuli iliyopita, niliwakuta vijana wawili, mume na mke, kwenye maegesho yetu, na Dereva akiwafundisha kurudisha nyuma gari-nyumba, alilokuwa amewauzia. Aliwafundisha saa mbili nzima. Walipoondoka nalo alibaki amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti.

"Macho," akaniambia. "Naona bado, nakuona wewe vizuri. Ila alama za barabarani zinanifikia zimechelewa. Daktari ameniambia niache, na mimi nimeshawaona watu wasioacha."

Nilimshika bega. Baridi yote ile sikumwona sana, na naogopa kwamba nilimkwepa, kwa kutojua nimwambie nini.

Mwezi Aprili akanipigia simu. "Baba Irene, Jumanne unatupeleka Saint Paul, kituo cha treni. Tunakwenda Florida."

"Kwa treni, dada? Si siku mbili na zaidi?"

"Ndiyo maana."

Niliwachukua asubuhi. Shemeji alikaa nyuma na kikapu cha chapati, Dereva akakaa mbele, kando yangu. Kwa miaka yote hiyo hatukuwa tumewahi kukaa hivyo, mimi kwenye usukani. Nilitegemea maelekezo: punguza, washa taa, acha nafasi. Hakusema hata moja. Alikuwa amegeukia dirisha lake. Tulipokuwa tunaukaribia mto mkubwa wa Saint Paul akaniuliza:

"Lile jengo lenye kuba, limekuwepo siku zote?"

"Lile? Tangu hatujafika nchi hii, dada."

"Basi nimepita hapa mara ngapi sijaliona." Akafuta kioo kwa kiganja. "Nilikuwa natazama barabara."

Kituoni aliomba kiti cha dirishani. Shemeji naye alikitaka. Wakabishana mbele ya mhudumu, kwa Kiswahili, kwa raha kabisa, mpaka Shemeji akashindwa. Nilibeba mizigo yao, nikawakumbatia, nikaambiwa nimsalimie Mama Irene. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshukuru, nimeyafikiria tangu Hopkins, na yote yakanipotea. Nikasema tu, "Safari njema, dada." Akasema, "Itakuwa."

Nilingoja nje mpaka nikaliona dirisha lao. Treni ikaanza kuvuta taratibu. Nikanyanyua mkono nikapunga, nikapunga tena kwa mikono yote miwili. Hakuniona. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, anatazama kule mbele mtoni, mdomo umefunguka, kidole chake kinamwonyesha mumewe kitu, na mumewe ameinama juu ya bega lake ili naye akione.

Nikaishusha mikono, nisije nikamkatisha.